Wanafunzi 2000 Kamili: Tathmini ya 389 Directory Server Baada ya Kuhama OpenLDAP

Kwa muda wa miezi minne sasa, chuo ninachofanyia kazi hapa Dar es Salaam kinaendesha saraka yake ya akaunti, yaani orodha kuu ya watumiaji ambayo mifumo mingine huiuliza nani ni nani, kwenye programu ya seva iitwayo 389 Directory Server, baada ya miaka mingi ya kutumia nyingine iitwayo OpenLDAP. Ninaiandika tathmini hii kwa ajili ya watu wenye kazi kama yangu, yaani wale wanaotafutwa wa kwanza mtu anaposhindwa kufungua barua pepe, na nitakaa zaidi kwenye jambo lililotusumbua kuliko mengine yote, ambalo ni vikomo vya utafutaji, yaani mipaka ambayo seva hujiwekea inapojibu maombi. Hukumu yangu naitoa mapema: ni seva nzuri, naipa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nimeizuia kwa sababu nitakazozieleza, ingawa sehemu kubwa ya fedheha tuliyoipata ilitokana na uzembe wetu wenyewe.

Hatukuihama OpenLDAP kwa ugomvi. Seva yetu ya zamani ilikaa juu ya CentOS 7, mfumo endeshi wa ukoo wa Linux ya kampuni ya Red Hat, ambao ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 30 Juni 2024, na tulipoanza kupanga mfumo endeshi mpya wa ukoo uleule tulikuta kwamba Red Hat walikwisha kuiondoa seva ya OpenLDAP kwenye toleo lao la 8 na kuwaelekeza wateja kwenye Directory Server yao, ambayo msingi wake huria ndio hiyo 389. Tungeweza kuijenga OpenLDAP kwa mikono yetu kutoka kwenye msimbo wake, kwa kuwa bado inaendelezwa. Lakini idara yetu ina watu watatu tu, na kila kifurushi mnachokijenga wenyewe mtakihudumia wenyewe kila likitangazwa tundu jipya la usalama.

Jina la 389 ni namba ya mlango ambao itifaki ya LDAP, lugha ya kuulizia saraka, huutumia kwenye mtandao. Seva hizi mbili, kwa kweli, ni watoto wa baba mmoja: zote zina asili katika kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, ambapo tawi moja likaja kuwa OpenLDAP mwaka 1998, na jingine likapitia Netscape kabla ya kununuliwa na Red Hat mwaka 2004. Undugu huo unasaidia, kwa sababu mtu aliyezoea moja hapotei kwenye nyingine. Unadanganya pia, kwa sababu mambo yanayofanana kwa sura hayakupangwa kwa namna moja ndani.

Usiku wa Jumamosi tuliohama ulikwenda vizuri kiasi cha kututia kiburi. Data tuliitoa kwa slapcat, amri ambayo haipitii mlango wa utafutaji bali husoma hifadhidata moja kwa moja, na kwa hiyo haina habari na kikomo chochote. Kisha tulitumia openldap_to_ds, chombo kinachotolewa pamoja na 389, ambacho husoma mipangilio ya zamani na faili la data, kikaorodhesha hatua kinazokusudia kuzichukua, na hakigusi kitu mpaka ukiite tena kwa kuongeza neno --confirm. Hapo nakisifu bila kubana maneno, maana ni nadra kukuta chombo cha kuhamisha data kinachompa fundi nafasi ya kunywa chai na kufikiri kabla ya kuharibu. Umeme ulikatika mara moja, jenereta likapokea, kazi ikaendelea. Ilipofika saa tisa usiku tulihesabu maingizo yote kwenye seva mpya (kila mtu au kitu kwenye saraka ni ingizo moja) tukapata 11,640, sawasawa na upande wa zamani, tukafunga ofisi na kwenda kulala.

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi simu yangu ililia. Alikuwa mkutubi wetu mkuu, mama wa makamo ambaye hana desturi ya kunipigia bila sababu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hebu nieleze, chuo kimefukuza wanafunzi bila kutuambia? Hapa mlangoni kadi zinakataa, na foleni imeshafika kwenye ngazi."

Mfumo wa maktaba huchukua orodha ya wanafunzi kutoka kwenye saraka kila alfajiri. Aliyemo kwenye orodha kadi yake inafungua mlango, na asiyekuwemo kadi yake inazimwa. Alfajiri ile orodha ilikuja na majina 2000. Hayakuwa 1,987 wala 2,014, yalikuwa 2000 kamili, na mwenye uzoefu angeshtuka hapo hapo, kwa maana idadi ya watu halisi haikai mviringo namna hiyo. Namba iliyonyooka hivyo imekatwa na kitu. Nilipofungua faili la kumbukumbu za maombi kwenye seva nikaukuta mstari huu:

RESULT err=4 tag=101 nentries=2000

Hapo err ni namba ya matokeo, na nentries ni idadi ya majibu yaliyotolewa. Namba 4 katika LDAP maana yake ni kwamba kikomo cha idadi ya majibu kimezidi. Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba seva haikatai ombi zima. Hutoa majibu hadi kufikia kikomo, ndipo hufunga kwa namba hiyo ya 4. Aliyeomba anabaki na orodha inayoonekana nzima, yenye majina halisi ya watu halisi, isipokuwa ina upungufu wa maelfu. Skripti yetu ya maktaba, iliyoandikwa na mtu ambaye simtaji kwa kuwa ni mimi, ilipokea majibu bila kusoma namba ya mwisho. Ilikuwa imefanya hivyo kwa miaka sita bila madhara.

Haikuwa na madhara kwa sababu seva ya zamani haikuwa na kikomo. OpenLDAP isipoguswa huruhusu majibu 500 kwa ombi moja, pungufu kabisa ya 389 ambayo huruhusu 2000, lakini fundi mmoja wa zamani aliwahi kuandika neno unlimited kwenye mipangilio yetu na hakuna aliyelikumbuka. Mipangilio hiyo hukaa kwenye hifadhidata yake ya pembeni, cn=config, ambayo huipati kwa kuchota data ya kawaida; lazima uiombe peke yake kwa slapcat -n 0. Katika uhamishaji wetu watu wote walihama, ila ruhusa ile ikabaki kwenye nyumba ya zamani.

Na kwa nini hesabu yetu ya usiku wa Jumamosi ilikuwa sahihi? Kwa sababu tulihesabu tukiwa tumejitambulisha kama Directory Manager, msimamizi mkuu wa saraka, ambaye vikomo havimhusu. Mwenzake wa OpenLDAP, rootdn, naye ana upendeleo huohuo. Kupima seva kwa akaunti hiyo ni sawa na kupima foleni ya mwendokasi ukiwa ndani ya gari la polisi. Siku hizi hakuna jaribio tunalolikubali ofisini kama halikufanywa kwa akaunti ileile itakayotumiwa na mfumo husika.

Hapa pana kero yangu ya kwanza na bidhaa yenyewe. Faili la kumbukumbu za maombi la 389 huandikwa kwa mafungu: seva hukusanya mistari kwenye kumbukumbu ya muda kwanza, kisha huimwaga kwenye faili. Kwa kasi ya kazi ni busara, lakini fundi anayetazama faili huku akituma ombi la majaribio haoni kitu, na kwa dakika kadhaa mwenzangu aliapa kwamba maombi ya maktaba hayafiki kwetu kabisa, akaanza kuwalaumu watu wa mtandao. Kuna mpangilio wa kuzima tabia hiyo kwa muda, unaitwa nsslapd-accesslog-logbuffering. Uzime unapotafuta tatizo, uuwashe ukimaliza.

Kero ya pili haikuwa ya 389, lakini naieleza kwa sababu ilitupotezea saa nzima. Kompyuta moja ya ofisini ilikuwa inarudisha majibu 12 tu, nayo kwa namba hiyohiyo ya 4, wakati nyingine zote zilirudisha 2000. Tulikuja kugundua kwamba kwenye ldap.conf, faili la mipangilio ya utafutaji la mashine ile, mtu aliondoa alama ya reli (#), ambayo huufanya mstari usisomwe, iliyokuwa mbele ya mstari wa mfano unaosema SIZELIMIT 12. Mteja mwenyewe, yaani programu inayotuma ombi, ndiye aliyekuwa anaomba apewe 12 tu, na seva ikamtii. Namba 4, kwa hiyo, haikuambii nani amekata. Anayekuambia ni nentries. Ikiwa idadi imelingana na kikomo cha seva, tazama seva, na ikiwa ni ndogo kuliko hapo, kamtazame aliyeomba. Kinyume chake hakipo: mteja akiomba asiwekewe kikomo chochote, kama inavyofanya ldapsearch, amri ya kutafuta kwenye saraka, kwa -z 0, seva haimpi zaidi ya ilichokusudia kumpa.

Foleni ya maktaba ilipokuwa inazidi kurefuka, pendekezo la kwanza mezani lilikuwa kuweka nsslapd-sizelimit kuwa -1 kwa watu wote, yaani kuondoa kikomo kama alivyofanya yule fundi wa zamani. Nililipinga, na bado nalipinga. Kikomo kile hakikuwekwa kwa ajili ya kutukera. Saraka yetu ina majina, namba za simu na barua pepe za maelfu ya vijana, na seva isiyo na kikomo humruhusu mtu yeyote mwenye ruhusa ndogo ya kusoma achote yote kwa ombi moja la sekunde chache. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, uzembe wa aina hiyo hapa Tanzania si suala la aibu peke yake. Kwa asubuhi ile tuliwasha kadi zote za maktaba kwa mkono, tukaacha kikomo kilipo, tukaketi kutafuta dawa.

Mwenzangu aliyewahi kufanya kazi na Active Directory, saraka ya Microsoft, alisema tuombe majibu kwa kurasa, yaani kwa mafungu madogo madogo, kama ilivyoelezwa kwenye waraka wa kiufundi RFC 2696. Kule kikomo cha kawaida ni majibu 1000 kwa ukurasa, na mteja akigeuza kurasa hupata orodha yote hata ikiwa ya watu laki moja. Tukajaribu kwa kurasa za 500. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, halafu namba 4, ikiwa na jumla ya 2000 ileile. Katika 389 kurasa zina kikomo chao cha jumla, nsslapd-pagedsizelimit, na kikiwa 0, kama kinavyokuja, seva hutumia kikomo cha kawaida. OpenLDAP nayo huhesabu jumla ya kurasa kwa namna inayokaribiana na hiyo. Kwa hiyo ushauri unaotolewa sana kwamba kurasa huondoa tatizo la kikomo ni kweli kwa upande mmoja wa dunia ya saraka, na ni maneno matupu kwa upande mwingine.

Dawa iliyotufaa ni kuipa akaunti ya maktaba kikomo chake yenyewe. 389 huruhusu kuandika sifa ya nsSizeLimit ndani ya ingizo la mtumiaji, na tukaiandika 20000 kwa akaunti hiyo moja, wengine wote wakabaki na 2000 yao. Naipenda sana njia hii, kwa kuwa kila mfumo unapata kiasi unachokihitaji na kinaonekana kwenye ingizo lake mwenyewe. Kuna njia pia ya kuwabana wasiojitambulisha, kwa kuwaelekeza kwenye ingizo la mfano kupitia nsslapd-anonlimitsdn, na hao tumewapa majibu 50, ambayo kwa mtu anayetafuta anwani ya mwalimu wake ni mengi mno.

Tuliandika sifa ile, tukajaribu kwa ldapsearch ikakubali kuvuka 2000, lakini mfumo wa maktaba ukaendelea kupata 2000 kama vile hatujafanya lolote. Sababu ni kwamba seva husoma vikomo vya mtumiaji pale anapojitambulisha, na kuvishika kwa muda wote wa muunganisho huo. Mfumo wa maktaba hufungua muunganisho mmoja na kukaa nao siku nzima, hivyo ulikuwa bado unaishi na ruhusa za asubuhi. Tukauzima na kuuwasha. Ukavuka 2000, halafu ukasimama tena, safari hii kwa namba 11.

Namba 11 ni ya kikomo cha pili, ambacho wageni wa 389 hawakijui. Mbali na idadi ya majibu inayoruhusiwa kutoka, kuna idadi ya maingizo ambayo seva inaruhusiwa kuyachungulia ili kupata majibu hayo. Inaitwa nsslapd-lookthroughlimit, na huja ikiwa 5000. Ukitaka watu 11,000 ni lazima maingizo 11,000 yachunguliwe, kwa hiyo kuongeza kikomo cha kwanza na kuusahau wa pili ni kumfungulia mtu geti na kumfungia mlango wa sebuleni. Tukaandika nsLookThroughLimit kwenye ingizo lilelile, nayo 20000, na saa saba mchana orodha ya maktaba ikaja kamili.

Nyota moja nimeiondoa hapa. Kikomo cha idadi hukaa kwenye cn=config, cha kuchungulia hukaa chini ya mipangilio ya hifadhidata, ngazi kadhaa ndani zaidi; vya kurasa vina majina yao, na vya mtumiaji vina majina mengine tena ndani ya ingizo lake. Amri ya dsconf, ya kupangia 389, inavifikia vyote, lakini kwa vifungu tofauti, na hakuna amri moja ya kuuliza, "Akaunti hii, ikitafuta sasa, itasimamishwa na nini?" Fundi anatakiwa ajue tayari ndipo aweze kuuliza.

Kikomo hicho cha kuchungulia kilituletea kisa kingine wiki iliyofuata, na kisa hicho ndicho kilichonifanya nikiheshimu. Dada wa dawati la huduma kwa wanafunzi hutafuta watu kwa namba ya simu, kwa sababu wanafunzi husahau jina la akaunti kuliko wanavyosahau namba zao. Alitafuta mtu mmoja, namba moja kamili, akajibiwa kwamba kikomo kimezidi. Alinipigia akicheka: "Kaka, mtu mmoja tu naye ni wengi?" Kwenye kumbukumbu mstari wa ombi lake ulikuwa na err=11, nentries=0, na alama ya notes=A, ambayo ni njia ya seva kusema kwamba sifa inayotafutwa haina faharasa (orodha ya pembeni ya kuitafutia kwa haraka), na kwamba ili kumpata mtu huyo mmoja ilibidi ipitie saraka nzima. Ilipochungulia 5000 bila kumwona, ikaacha. OpenLDAP yetu nayo haikuwa na faharasa ya sifa ya mobile, ila kwa kuwa haikuwa imebanwa, ilikuwa inapekua maingizo yote kila mara na kumpa jibu lake polepole, nasi tukadhani kompyuta ya dawati ndiyo mbovu.

Hapo kuongeza kikomo kungekuwa kumpa mgonjwa wa malaria panadoli. Tuliongeza faharasa kwa dsconf, tukaijenga upya, na tangu hapo jibu linatoka kabla dada hajainua kidole. Ningewashauri wanaohama wapitie faili la kumbukumbu kwa wiki mbili za mwanzo wakitafuta alama za notes=A na notes=U tu (hii ya pili ni ya ombi lililokosa faharasa kwa sehemu), kwa maana kila moja inaonyesha ombi ambalo seva ya zamani ilikuwa inalibeba kimyakimya.

Kuhusu mengine sina malalamiko makubwa. Kasi inatosha kwetu na inabaki, hata Jumatatu ya usajili. Ukurasa wa usimamizi ndani ya Cockpit, zana ya kusimamia seva kupitia kivinjari, unamfaa mtu asiyependa amri, ingawa mimi naurudia mara chache. Ruhusa za kusoma na kuandika ilitubidi kuziandika upya, kwa kuwa seva hizi mbili hazina lugha moja ya ruhusa, na kazi hiyo peke yake ilichukua siku nne. Anayepanga kuhama azihesabu. Ofisi yenye akaunti 300 haitavigusa kamwe vikomo nilivyovieleza, na inaweza kuiweka seva hii kama ilivyo. Bei yake ni bure. Gharama ni mashine na fundi.

Jambo moja zaidi 389 inalo ambalo OpenLDAP haikutupa. Ingizo mama la wanafunzi hubeba sifa inayoitwa numSubordinates, ambayo seva yenyewe huitunza, ikisema lina watoto wangapi moja kwa moja chini yake. Kuisoma ni ombi la jibu moja, hivyo hakuna kikomo kinachoigusa. Skripti ya maktaba sasa inaisoma kwanza, inachukua orodha, inasoma namba ya mwisho ya seva, inalinganisha hesabu mbili, na zisipolingana haizimi kadi ya mtu bali hunitumia ujumbe. Imenitumia mara moja, mwezi uliopita, saa kumi na moja alfajiri: orodha ilikuwa na watu 9,112, na saraka ilisema 9,113. Mwanafunzi mmoja alikuwa amesajiliwa katikati ya hesabu.